Probu Inasoma Kimoja, Mteja Anapima Kingine: Kosa Liko Wapi?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni fundi mitambo katika karakana iliyopo Kizota, jijini Dodoma. Tunachonga vipuri vya mashine za kukamua mafuta ya alizeti kwa wateja wa hapa na wa Singida, na kazi yetu kubwa ni nyumba za chuma cha kusubu zinazobeba beringi namba 6308, ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita 90. Mchoro wa mteja unataka tundu la daraja la H7, yaani lisipungue 90.000 wala lisizidi 90.035.

Mwaka jana karakana ilinunua mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, iliyokwisha kutumika, ikaja na probu ya kugusa, kifaa cha kupimia kinachofungwa kwenye spindeli (sehemu inayozunguka ikiwa imeshika zana) kama zana nyingine yoyote, yenye kijiti chembamba na gololi ya yakuti ya milimita 6 kwenye ncha. Pamoja nayo ilikuja pete ya chuma ya kufanyia ugezi, yaani kukilinganisha kifaa na kipimo kinachojulikana, iliyoandikwa milimita 50. Kila asubuhi ninaifunga pete hiyo mezani, ninaendesha programu ya ugezi iliyokuja na mashine, na kidhibiti, kompyuta ya mashine, kinaandika kuwa kipenyo cha gololi ni 5.985. Nikiipima pete tena kwa programu hiyo hiyo, inasoma 50.000 bila shida yoyote.

Shida inaanza kwenye kazi yenyewe. Nikimaliza tundu, ninalipima kwa programu fupi niliyoiandika mwenyewe ili nisipoteze muda: probu inashuka ndani ya tundu, inagusa pande mbili za mhimili wa X, inahamia katikati yake, kisha inagusa pande mbili za mhimili wa Y, yote kwa mwendo wa milimita 200 kwa dakika. Inaniambia 90.012, nami ninaitoa kazi kwa amani. Mteja akipima kwa geji yake ya ndani anapata 89.985, na beringi haiingii bila nyundo. Nilipoona kwamba tofauti ni ile ile ya 0.027 kwa nyumba nyingi, niliingia kwenye jedwali la kidhibiti linalotunza namba hiyo ya ugezi nikaandika kipenyo cha gololi 5.958 kwa mkono, na nyumba zilizofuata zikakubaliana na geji ya mteja. Lakini asubuhi nilipoihakiki pete ilisoma 49.973, nikafanya ugezi upya, na kazi ya siku hiyo ikarudi kule kule. Tangu hapo ninazunguka kati ya namba hizo mbili.

Kuna mengine yanayonisumbua. Mhimili wa X karibu kila mara unasoma pungufu kuliko Y, wakati mwingine kwa 0.015, hata kwenye tundu ambalo geji inasema ni la duara. Halafu tunapoifunga nyumba mara ya pili ili kutoboa matundu ya pini, katikati nikiitafuta kwa probu, baadhi ya nyumba hutoka na pini zilizohama kwa 0.04 hivi, na nyingine hutoka sawa kabisa. Probu tunaiweka kwenye spindeli kwa mkono, kwa kuwa nafasi zote za kibadilisha zana zimejaa. Tena alasiri tofauti huongezeka kuliko asubuhi. Mwenye karakana anasema probu imekufa na tununue mpya, ila bei yake si ya kuamua kwa kukisia. Nianze wapi?

Fundi wa Kizota, Dodoma

*

Marahaba, kijana wangu. Mwambie mwenye karakana asifungue pochi kwanza, kwa sababu probu iliyokufa haikosei kwa 0.027 ile ile siku nenda siku rudi. Probu mbovu hutangatanga: sasa hivi inaongeza, baadaye inapunguza, na mara nyingine inagoma kabisa hadi kidhibiti kinatoa alamu. Kosa linalorudi upande ule ule na kwa ukubwa ule ule lina chanzo chake maalumu, na chanzo hicho mara nyingi kimo katika namna ya kupima kuliko katika kifaa chenyewe. Kwa hiyo kabla ya kurekebisha chochote ni lazima ujue kama kosa lako limesimama au linatembea, nawe huwezi kulijua hilo mpaka uwe umepima kitu kimoja mara nyingi bila kubadilisha kitu chochote.

Funga mezani kipande cha chuma kilichonolewa uso wake vizuri, sogeza probu karibu nacho, na andika programu inayogusa mahali pale pale mara 10 kwa mwendo wa milimita 30 kwa dakika, huku ikihifadhi kila namba. Watengenezaji wa probu za aina hii hutangaza kwamba zinarudia ndani ya maikroni 1 (elfu moja ya milimita, yaani 0.001) zikiwa na kijiti cha milimita 50, lakini mihimili ya mashine iliyokwisha kutumika nayo ina mchango wake, kwa hiyo tofauti kati ya namba kubwa na namba ndogo ikiwa chini ya 0.003 mimi ningeendelea mbele bila wasiwasi. Ikizidi hapo, acha jedwali lilivyo na uanze na usafi. Toa probu, futa koni ya kishikio na koni ya ndani ya spindeli, kisha kishike kijiti kwa vidole ujaribu kukizungusha kwa upole, maana kijiti kilicholegea nusu ya uzi hakionekani kwa macho lakini vidole hukihisi. Itazame gololi kwa lenzi ya kukuza. Chuma cha kusubu hutoa unga mweusi ambao hushikamana na mafuta na kujipaka juu ya yakuti kama utando, na utando wa maikroni 5 ni maikroni 5 za kosa upande huo. Kitambaa kisichoacha nyuzi, chenye spiriti kidogo, huuondoa. Malizia kwa betri na kwa kidirisha ambacho ishara ya mwanga hupitia, kwa kuwa vumbi la Dodoma la miezi ya upepo likikutana na maji ya kupozea huwa tope jembamba juu ya kioo, na ishara inayokatikakatika huzaa namba za ajabu ambazo fundi hulaumu mashine nzima kwa ajili yake.

Ninatarajia kwamba jaribio hilo utalivuka. Sasa tuje kwenye 0.027, ambayo wewe mwenyewe umeieleza vizuri bila kujua. Umesema kwamba namba 5.985 inaipima pete sawasawa na kuikosea nyumba, na kwamba namba 5.958 inaipima nyumba sawasawa na kuikosea pete, tena kwa kiasi kile kile. Gololi haiwezi kuwa na vipenyo viwili. Kinachotofautiana ni programu: pete unaipima kwa programu ya mtengenezaji na nyumba unaipima kwa programu yako, na programu yako imeandikwa ili iwe na haraka.

Ili uone kwa nini haraka inahusika, inafaa kujua kinachotokea ndani ya probu. Kifaa hiki alikibuni David McMurtry mwaka 1972 alipokuwa Rolls-Royce nchini Uingereza, walipokuwa na kazi ngumu ya kupima mirija ya mafuta ya injini za ndege ya Concorde. Katika muundo huo, ambao probu nyingi bado zinautumia, kijiti kimebebwa na miguu mitatu, kila mguu ukiwa umelala juu ya gololi mbili ndogo, na springi inaikandamiza miguu hiyo ili irudi mahali pale pale kila inapoachiwa. Mkondo mdogo wa umeme hupita katika maungio hayo. Gololi ya yakuti ikigusa ukuta, kijiti kinapinda kidogo, kisha mguu unaanza kunyanyuka, ukinzani wa umeme unapanda, na hapo ndipo ishara inapotumwa. Ishara hiyo inasafiri hadi kwenye kipokezi, na kidhibiti, ambacho katika mashine nyingi huikagua kwa vipindi vya milisekunde chache, ndipo kinapoandika mahali mhimili ulipo na kuamuru usimame. Tangu gololi ilipogusa hadi namba ilipoandikwa, mhimili haukusimama; uliendelea kusogea. Ndiyo maana gololi ya milimita 6 inaandikwa 5.985 baada ya ugezi. Namba hiyo haielezi ukubwa wa jiwe peke yake, bali inaeleza jiwe hilo likiwa kwenye kijiti hicho, kwenye mashine hiyo, na kwa mwendo huo.

Hesabu yake ni fupi. Tuchukulie kwamba ucheleweshaji wote ni milisekunde 5, jambo la kawaida kwa mashine ambayo ishara ya probu imeunganishwa kwenye mlango wa kawaida wa kidhibiti na si ule wa haraka. Programu nyingi za ugezi hugusa mara ya mwisho kwa milimita 30 kwa dakika, ambayo ni nusu milimita kwa sekunde, kwa hiyo katika milisekunde 5 mhimili unapitiliza kwa 0.0025. Kwa milimita 200 kwa dakika unakwenda milimita 3.33 kwa sekunde na kupitiliza kwa karibu 0.017. Tofauti ni 0.014 kwa kila upande, na kwa kuwa tundu linaguswa pande mbili, unapata 0.028. Wewe umeona 0.027. Mwelekeo wake nao unalingana: ndani ya tundu, kupitiliza kunaongeza umbali uliopimwa, kwa hiyo tundu linasomeka kubwa kuliko lilivyo, nawe unaacha kukereza mapema.

Usiniamini kwa sababu ya hesabu tu. Rudi kwenye kile kipande cha chuma, uguse mahali pamoja kwa mwendo wa 30, halafu 90, halafu 150, halafu 210, na uandike namba pembeni ya kila mwendo. Kama ucheleweshaji ndio chanzo, namba zitasogea kwa hatua zinazolingana, na kutoka 30 hadi 210, ambayo ni ongezeko la milimita 3 kwa sekunde, utaona kusogea kwa takribani 0.015. Gawa 0.015 kwa 3 na utapata sekunde 0.005, ucheleweshaji wa mashine yako, namba ambayo ningeiandika kwa rangi kwenye mlango wa kabati la umeme. Hakikisha tu kwamba gololi inaanza mbali kiasi, angalau milimita 2 au 3, ili mhimili uwe umeshafikia mwendo ulioamriwa kabla ya kugusa. Ukianzia karibu mno unapima mhimili ambao bado unachanganya.

Kuna dalili nyingine ya kulitenga kosa hili na mengine. Kosa la mwendo halijali ukubwa wa kazi: tundu la milimita 30 na tundu la milimita 90 yatakosewa kwa kiasi kile kile. Kosa la joto, au la skrubu ya mhimili isiyo sahihi, hukua pamoja na kipimo. Tena kosa la mwendo hugeuka upande ukipima nje: kipande cha mduara kinachopimwa kwa nje husomeka kidogo kuliko kilivyo, ilhali kipande chenye joto husomeka kikubwa kote kuwili.

Tiba ni kuufanya mwendo wa kugusa uwe mmoja kila mahali, katika ugezi na katika kazi. Ungeweza kufanya ugezi wako kwa 200 na kuendelea kupima kwa 200, na kwa kweli namba yako ya 5.958 ilikuwa karibu sana na kile ambacho ugezi wa namna hiyo ungekupa. Mimi sishauri hivyo. Kidhibiti kinachokagua ishara kila baada ya milisekunde 4, kwa mfano, kinaweza kuikuta ishara mwanzoni au mwishoni mwa kipindi, na kwa mwendo wa 200 bahati hiyo peke yake ni 0.013, ilhali kwa mwendo wa 30 ni 0.002. Gusa mara mbili: mguso wa kwanza kwa 200 ili kuutafuta ukuta, rudi nyuma nusu milimita, kisha mguso wa pili kwa 30, na ni huu wa pili peke yake unaoandikwa. Nusu milimita kwa mwendo huo ni sekunde moja. Tundu zima litakugharimu sekunde chache, nawe unajua zaidi yangu safari moja ya kurudisha mzigo kutoka Singida inagharimu nini. Ukishabadilisha programu, fanya ugezi upya, na namba itakayotoka usiiguse tena kwa mkono, hata siku ambayo mteja amepiga simu kwa ukali. Anayeisahihisha kwa mkono ameficha chanzo kimoja chini ya kingine, na siku chanzo cha kwanza kitakapotoweka atabaki na kosa alilolitengeneza mwenyewe.

Suala la X kusoma pungufu kuliko Y ni jepesi zaidi, na tena limo katika mpangilio wa programu yako. Unaposhusha probu ndani ya tundu kwa kukadiria kwa jicho, haiko katikati kamili. Ukigusa X wakati Y imehama, hupimi kipenyo bali unapima mstari mfupi ulio kando ya kipenyo. Kwa tundu la milimita 90 na gololi ya milimita 6, katikati ya gololi inazunguka katika duara lenye nusu kipenyo cha milimita 42, na ukiwa umehama kwa milimita 1 tu mstari huo unapungua kwa 0.024. Baada ya hapo programu yako inahamia katikati ya X, ndipo inagusa Y, kwa hiyo Y inapata kipenyo chenyewe na X imebaki na ule mstari mfupi. Ongeza raundi ya pili: ukishapata katikati ya Y, rudi uguse X tena na uitupe namba ya kwanza. Ukiwa umehama kwa 0.1 pekee kosa linakuwa chini ya nusu maikroni, kwa hiyo raundi ya pili inatosha, ya tatu ni kupoteza muda. Ikiwa baada ya hapo X na Y bado zinatofautiana, legeza jiliwa kidogo na upime tena kazi ikiwa imeshikwa kwa nguvu ndogo. Nyumba yenye kuta nyembamba ikibanwa sana hukerezwa ikiwa duara na kuachiwa ikiwa yai.

Kuhusu pini zinazohama kwa 0.04 katika baadhi ya nyumba na kutohama katika nyingine, swali langu ni moja tu: probu inapowekwa kwa mkono, je, inaingia upande ule ule kila mara? Kishikio kina mifereji miwili inayokaa kwenye meno mawili ya spindeli, na kwa macho pande hizo mbili zinafanana, kwa hiyo anayekiingiza anaweza kukigeuza nusu mzunguko bila kujua. Gololi ikiwa imekaa pembeni ya mhimili wa spindeli kwa 0.02, ugezi unaijua hitilafu hiyo na kuisahihisha, lakini probu ikigeuzwa, hitilafu inahamia upande wa pili huku sahihisho likibaki upande wa kwanza, na jumla yake ni 0.04. Kipenyo hakionyeshi chochote, kwa sababu upande mmoja unaongeza kile ambacho upande mwingine unapunguza. Ni katikati tu inayohama. Piga alama ya nukta kwenye kishikio na nyingine kwenye spindeli, zikutane kila mara. Bora zaidi, ondoa zana moja isiyotumika sana kwenye kibadilisha zana, probu ikae hapo.

Hiyo 0.02 yenyewe nayo inapaswa kupunguzwa. Weka geji ya saa yenye ncha laini dhidi ya gololi, upande wake mpana, kwa mgandamizo mdogo sana ili usiisukume probu ikatoa ishara, kisha zungusha spindeli kwa mkono taratibu ukiufuata mshale. Mshale ukipanda na kushuka kwa zaidi ya 0.01, legeza skrubu za kusawazisha zilizo shingoni mwa kishikio, sukuma upande wa juu kwa skrubu iliyo mkabala nao, na zungusha tena. Ukizoea, utaufikisha mshale kwenye kusogea kwa maikroni 5 au pungufu. Kaza skrubu zote kwa zamu, siyo moja hadi mwisho ndipo nyingine, na baada ya kukaza zungusha kwa mara ya mwisho, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza. Kila unapofanya kazi hii, au unapobadilisha kijiti, au probu inapogonga kitu, ugezi wa zamani umekwisha na unafanya mpya.

Ile tofauti inayoongezeka alasiri sasa. Kipimo chochote cha urefu kinatajwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na Dodoma tunakaa kwenye 20 kwa saa chache tu za siku. Asubuhi za Juni na Julai unafungua karakana chuma kikiwa baridi, alasiri bati la paa linachoma. Lakini pete, kazi na mashine vyote ni vya chuma, na vikipanda joto pamoja vinatanuka karibu sawa, kwa hiyo usikimbilie kuomba kiyoyozi. Kinachokuumiza ni vitu hivyo kuwa na joto tofauti. Pete uliyoipima saa mbili asubuhi ilikuwa na joto la karakana. Nyumba iliyotoka kukerezwa kavu alasiri inaweza kuwa na nyuzi 15 zaidi. Chuma cha kusubu hutanuka kwa takribani maikroni 10.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, na kwa milimita 90 na nyuzi 15 hiyo ni 0.014, karibu nusu ya nafasi yote uliyopewa na H7. Tundu la moto linasomeka kubwa, linapoa njiani kuelekea Singida, na linafika limebana. Pitisha mkato wa awali kwa nyumba zote, ziache zifikie joto la mashine, kisha rudi kwa mkato wa mwisho, ambao ukiwa mdogo hauongezi joto la kutisha. Spindeli nayo ipewe robo saa ya kuzunguka kabla ya ugezi wa asubuhi, na umeme ukikatika katikati ya kazi kwa muda wa kutosha mashine kupoa, ihakiki pete kabla ya kuendelea. (Siku mtakapopata kazi za alumini kumbuka kwamba inatanuka mara mbili ya chuma, na haya yote yanakuwa makali zaidi.)

Pete yenyewe uitazame pia. Maandishi ya milimita 50 ni jina lake. Kipenyo chake halisi kinatajwa kwenye cheti, na kikiwa 50.003 ndicho kinachoingizwa kwenye programu. Kama mashine ilikuja bila cheti, kipimo hicho kinatafutwa katika maabara ya ugezi ya Shirika la Viwango Tanzania, Dar es Salaam. Ninalitaja kwa sababu mafundi wengi hapa hukimbilia Wakala wa Vipimo, ambao kazi yao ni mizani, pampu za mafuta na vipimo vingine vya biashara. Utakapopeleka pete, peleka pia nyumba moja iliyokerezwa vizuri, iliyoachiwa kutoka kwenye jiliwa na kupoa, wakupimie tundu lake. Hiyo ndiyo itakuwa kipimo chenu cha ndani cha milimita 90. Wewe utaihakiki probu yako kwayo, na mteja wa Singida akija na geji yake aiweke humo kwanza kabla hamjabishana, maana mpaka sasa tumechukulia kwamba geji yake ni sahihi bila mtu yeyote kuithibitisha. Beringi inayokataa kuingia inampa haki kwa sehemu kubwa, lakini haimpi haki ya kila maikroni.

Zile nyumba zilizorudishwa zisitupwe. Tundu la 89.985 limebakiza chuma, na hilo ndilo afadhali ya kosa la upande huu. Zifunge tena bila kubana kupita kiasi, na katikati uitafute kwa geji ya saa iliyofungwa kwenye spindeli, si kwa probu, mpaka mshale usogee kwa maikroni 5 au pungufu katika mzunguko mzima. Ukilenga 90.015 unaondoa 0.015 tu kwa kila upande, unene ambao jino la kukatia lililochoka litausugua badala ya kuukata, kwa hiyo weka jino jipya lenye makali, jaribu kwenye nyumba moja, iache ipoe, na uiingize beringi kwa mkono kabla ya kugusa ya pili.